Dohani

Mafaili yamehamia Dodoma. Lake limebaki,
limekwama nyuma ya droo ya nne,
pembe zimeliwa na mende, jina limesalimika:
Thirkell, E. H., msanifu majengo, daraja la pili.

Nilikuwa natafuta kitu kingine,
ramani ya maji taka ya Mahakama Ndogo,
ile ya nyuma ya Kivukoni inayosubiri nyundo.
Kazi yangu ni kukadiria: kifusi tani ngapi,
vigae vizima vingapi,
mbao za mvule zitamfaa nani.

Barua yake ya kuomba kazi ina kurasa mbili.
Ameyahesabu maisha yake kama mtu anayempa dobi nguo:
kumbi za mji, mbili;
maktaba, tatu;
hamamu ya umma, moja, yenye saa mnarani;
nyumba ya wagonjwa wa akili, vitanda mia nne;
soko la samaki (halikujengwa).
Yote katika miji ya mvua na masizi,
yote ya matofali mekundu, yote yana dohani.
Alijifunza kazi enzi ya malkia,
akapata jina enzi ya mwanawe,
kisha vita vikaja, vikaondoka,
na hakuna aliyetaka minara tena.

Mwaka wa ishirini na moja akashuka hapa,
umri miaka sitini na miwili,
na kasha la penseli, na koti la sufu
ambalo katika picha zote tatu hajalivua.

Mafundi walimwita Bwana Dohani.
Walikuwa na haki.
Dar es Salaam, mwezi wa pili, chokaa inachemka yenyewe,
naye anamchorea hakimu meko ya marumaru
na dohani ya futi thelathini.

Simcheki.
Mkono uliochora moshi miaka arobaini
hauamki asubuhi moja ukachora upepo.

Lakini pembeni mwa ramani, kwa kalamu ya risasi,
kuna mwandiko mwingine, herufi za Kiarabu,
mstari mmoja umeinama kama unanong'ona.
Nikaupeleka nyumbani. Mama mkwe wangu, Bi Zamoyoni,
akafuta miwani kwa pindo la kanga, akasoma polepole:
*Dari itobolewe. Asiambiwe. Mwinyigoha.*

Kesho yake nikapanda na tochi.
Vumbi, viota vya mavu, boriti za mikoko ngumu kama chuma,
na matundu kumi na mawili, kila moja upana wa kikombe cha kahawa,
yote yanaingia kwenye tumbo la dohani.
Miaka mia, joto la chumba kile lilipanda huku:
jasho la mshitakiwa, pumzi ya mdai,
maneno ya mawakili, ambayo nayo ni joto.
Meko haikuwahi kuona kuni.
Karani mmoja mstaafu ananiambia waliitumia kuwekea majalada,
na kwamba mahakimu waligombea chumba hicho
bila kujua walichokuwa wakigombea.

Je, Thirkell alijua?
Faili halisemi. Linasema homa, linasema likizo,
linasema pensheni imekataliwa, miaka haikutimia.
Ila karatasi ya mwisho kabisa,
zahanati ya Ilala, rasimu tu, haikujengwa,
ina dohani juu ya wodi ya wazazi.
Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, mara mbili.
Chini yake hakuna meko.
Kuna vitone kumi na viwili kwenye dari,
vimechorwa kwa mkono unaotetemeka,
na pembeni ameandika jina, kwa herufi zake za ukumbini,
akalikosea: *Mwinigoa*.

Mhandisi amepiga simu saa nne. Tani ngapi?
Nikamwambia bado napima.
Nilikuwa nimesimama chini ya tundu la saba,
mlango umefungwa, madirisha yamefungwa,
na ncha ya mtandio wangu inapanda, taratibu,
kuelekea juu.